Mungu Hakai Sebuleni

Kuna watu Kisumu mpaka leo watakuambia kwamba Sista alikuwa mchawi aliyevaa sare ya nesi. Wengine, hasa waliopona mikononi mwake, watakuambia alikuwa mtakatifu. Wote wamekosea, na hao wa pili wamekosea zaidi. Nilifanya kazi naye miaka tisa, nikiwa karani wa mafaili katika wodi ya wagonjwa wa akili, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu. Asiyeyapenda aandike yake.

Tulimwita Sista tu. Hakuwa mtawa. Siku zile kila nesi mwanamke aliitwa hivyo, lakini ukisema "Sista" bila kuongeza jina, kuanzia lango la hospitali hadi stendi ya mabasi, watu walijua unamsema nani. Hakupenda kuulizwa ukoo. Mgonjwa mpya akimuuliza kwa Kijaluo, "Sista, wewe ni nyar kanye?" yaani binti wa wapi, alijibu, "Nyar wodi," akaendelea na kazi. Kwa hiyo na mimi sitaanza na alikozaliwa wala na baba yake. Nitaanza na faili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wiki yangu ya kwanza pale. Nilikuwa nimehamishwa kutoka stoo ya dawa, na sikufurahi. Nyumbani Kaloleni, mtaa wetu wa Waislamu wa mjini, kaka yangu mkubwa alishaniambia nijilinde kwa dua kila nikiingia kazini, maana mahali pale pana mambo. Asubuhi hiyo aliletwa dereva wa trekta la miwa, mtu mzima, amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Alisema maneno mengi mbele ya dawati langu. Nikaandika kwenye faili lake: Mgonjwa anaropoka.

Baada ya saa moja Sista alikuja na lile faili. Alikuwa mfupi, mpana, na miwani yake ilishikiliwa na utepe wa bendeji uliozunguka kisogo.

"Karani, ameropoka nini?"

"Maneno tu, Sista."

"Uliyasikia?"

"Niliyasikia."

"Basi si unayajua? Andika."

Aliichana ile karatasi mbele yangu, polepole, akanipa nyingine. Nikarudi kwa yule dereva, nikamuomba arudie. Alishangaa sana. Akasema ana mawe tumboni, mawe matatu, na moja linaitwa kwa jina la mwanawe. Nikaandika vilevile. Sista alisoma, akainua kichwa.

"Sasa huyu ni mtu," akasema. "Ile ya kwanza uliandika kelele."

Tangu siku hiyo niliandika maneno ya watu kama walivyoyasema. Mafaili yetu yalinenepa. Ofisi kuu walilalamika kwamba wodi yetu inamaliza karatasi kuliko wodi ya kujifungulia, na Sista akawajibu kwamba huko wanazaa watoto na hapa wanazaa maneno, yote ni uchungu.

Alipokuwa kijana serikali ilimpeleka ng'ambo, nchi ya baridi, kusomea uuguzi wa akili. Huko alifanya kazi chini ya daktari mmoja mwanamke, mzee sana, aliyewafundisha manesi wake kwamba mtu akiongea na ukuta kuna jambo analisema, na kwamba ndoto ya mgonjwa ni ya kusikilizwa kama mapigo ya moyo. Sista alipenda kusema kwamba alipanda ndege akaenda mbali kote huko kufundishwa kitu ambacho nyanya yake alikijua, ila nyanya hakuwa na cheti.

Kwa hiyo kila asubuhi, akipita kitanda kwa kitanda, hakuuliza, "Umelalaje?" Aliuliza, "Umeota?" Mwanzoni wagonjwa waliogopa. Ndoto kwao ilikuwa kitu cha kupelekwa kwa nabii wa kanisa au kwa mganga, na kote huko mtu hutoka na amri: chinja kuku, funga siku saba, usimsalimie jirani fulani. Sista hakutoa amri. Hakufasiri pia, ingawa mjini walivumisha kwamba anafasiri. Siku moja alikuja mfanyabiashara wa nguo, mtu mzito mwenye suti, amesikia sifa zake. Alisema ameota nyoka juu ya mashine yake ya kushona, akataka kujua maana.

"Muulize nyoka," Sista akamwambia.

"Nimuulize nini?"

"Anataka nini kwa mashine yako."

"Sista, mimi nimefunga duka nikaja mpaka hapa, unaniambia nimuulize nyoka?"

"Ni wako. Mimi hanijui."

Yule bwana aliondoka akitukana. Baada ya mwezi alirudi, bila suti, akakaa na Sista kwenye benchi la nje karibu saa nzima. Sikuambiwa walizungumza nini. Nilichoona ni kwamba wakati wa kuondoka alimpa mkono kwa mikono miwili.

Nilimuuliza siku moja tukinywa chai, kwa nini anajisumbua na ndoto wakati yeye ni Mkatoliki wa kila siku, anaingia misa ya alfajiri kabla ya zamu na kukaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Akaniuliza, "Karani, kwako kuna sebule?"

"Ipo."

"Na ile vitu hutaki wageni waone unaweka wapi?"

"Chumba cha nyuma."

"Basi kila mtu ndani yake yuko hivyo. Anapanga sebule vizuri, vitambaa vyeupe, kalenda ukutani, halafu anakaa hapo anamngoja Mungu. Mungu hakai sebuleni. Yeye anapitia nyuma, anakaa na ile vitu umeficha. Hawa watu wetu hapa, mlango wao wa nyuma umevunjika tu. Vitu vyote vimemwagika nje. Sisi tunawacheka kwa sababu yetu bado imefungwa."

Nilimwambia kwetu hatusemi Mungu anakaa mahali. Akasema, "Sawa, basi wewe sema anasikia kutoka huko nyuma." Nikakubali hiyo.

Watu wakisikia habari hizi hudhani alikuwa mtu wa maneno laini, wa kukaa na kutafakari. Hapana. Mikono yake ilikuwa na nyufa kwa sababu ya sabuni ya kipande. Aliamini kazi ndogo kuliko mahubiri. Mfereji wa nyuma ya wodi aliusugua mwenyewe kwa fagio la miti, akiimba vibaya, na aliwapa wagonjwa wote kazi za mikono: kusugua sufuria, kuanika blanketi, na zaidi ya yote kukunja shuka. Shuka za hospitali ni kubwa, hazikunjwi na mtu mmoja. Aliwapanga wawili wawili, na sheria ilikuwa kwamba kabla ya kuunganisha pembe, kila mtu amtazame mwenzake usoni.

Kulikuwa na mwalimu wa zamani ambaye kwa miezi minne hakumtazama binadamu yeyote. Alikula akitazama sahani na alijibu akitazama sakafu. Wiki mbili alishika pembe za shuka na kutazama viatu vya mwenzake, na wiki mbili Sista alimwambia mwenzake asiachilie, asimame tu na shuka imetandazwa hewani kati yao, hata kama ni dakika kumi. Mikono ilichoka. Siku ya kumi na tano yule mwalimu aliinua macho. Mwenzake, kijana mvuvi wa Usenge, alimwambia, "Oyawore, mwalimu," habari ya asubuhi. Mwalimu akaitikia. Wakakunja.

Sista alikuwa kando yangu. Alinong'ona, "Hiyo ni komunyo, Karani. Niambie ni nini kama si komunyo."

Huyo mvuvi wa Usenge ndiye aliyetuletea vita.

Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Aliletwa na shemeji yake baada ya wiki tatu za maombi katika kanisa moja dogo la huko ziwani, na mgongo wake ulikuwa na alama za fimbo, kwa sababu pale waliamini pepo akipigwa huchoka. Tatizo lake lilikuwa maji. Hakutaka kupanda mashua, hakutaka kuoga, na mwishowe hakutaka hata kunywa. Kila alfajiri, alisema, mwanamke anatoka ziwani, nguo zimelowa, anakuja kusimama mlangoni kwake. Hasemi kitu. Kanisani walimwambia ni pepo wa ziwa.

Sista alimpa sindano na vidonge alivyoandika daktari, kwa wakati wake, bila mchezo. Hilo watu husahau. Alikuwa mkali wa dawa kuliko manesi wote. Aliyetema kidonge alifuatwa mpaka chooni. Lakini mvuvi alipopata nguvu ya kukaa, Sista alivuta kigoda.

"Huyo mama amesimama mlangoni. Umemkaribisha?"

"Sista! Huyo ni shetani."

"Amevunja mlango?"

"Hapana."

"Anangoja umwambie karibu. Mimi sijui shetani mwenye heshima hivyo. Kesho akija usikimbie. Mwangalie vile anasimama."

Siku iliyofuata mvuvi alisema yule mwanamke anasimama ameegemea mguu mmoja, mkono kiunoni. Halafu akasema, "Hivyo ndivyo mama anasimamanga."

Habari ikatoka kidogo kidogo kwa siku nne. Mama yake aliugua akiwa yeye yuko kisiwani na wenzake, msimu wa samaki wengi. Ujumbe ulimfikia kwamba aje. Alisema atakuja nyavu zikishatolewa. Alipofika, kaburi lilikuwa tayari limekauka juu. Hakulia. Alirudi kisiwani siku ileile, na mwaka mzima alivua kama mtu anayefukuzwa.

Sista aliweka kiti kitupu mbele yake, uani, mchana kweupe. Akaniita na daftari langu, akaniambia niandike bila kukohoa. Akamwambia mvuvi, "Ameketi. Sema naye."

Yule kijana alikitazama kile kiti muda mrefu. Kisha akasema kwa Kijaluo, na mimi ninakijua vya kutosha kuandika: "Mama, nilikawia." Akarudia. "Mama, nilikawia." Alilia mpaka wagonjwa wengine wakaacha sufuria zao wakaja kusimama nyuma yake, wala hakuna aliyewaita. Alipomaliza, aliomba maji. Alikunywa kikombe, akaomba kingine.

Siku mbili baadaye mchungaji wa lile kanisa alikuja na waimbaji kama kumi na watano, ngoma moja, na fimbo mkononi. Walikuwa wamesikia kwamba nesi mmoja anamfundisha kijana wao kuongea na pepo. Walitaka kumchukua. Mlinzi wa lango aliwaacha wapite, nani angezuia watu wa Mungu? Nilikuwa mlangoni mwa ofisi. Sista alitoka kwenye beseni, mikono inachuruzika povu, akasimama katikati ya mlango wa wodi. Mlango ulikuwa mpana na yeye alikuwa mfupi, lakini ulijaa.

"Mama, tupishe," mchungaji akasema. "Tumekuja kumkemea pepo."

"Mchungaji, huyo pepo unamtafuta ni mama yake. Ukimkemea, unakemea mama wa mtu. Unataka kufanya hivyo mbele ya mtoto wake?"

"Unampinga Roho Mtakatifu?"

"Nampinga mtu mwenye fimbo. Roho aingie, mlango uko wazi. Fimbo ibaki nje."

Mama mmoja katika wale waimbaji, mzee aliyevaa kanzu nyeupe, aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni Min nani huyo anasemwa?" yaani mama wa nani. Alipoambiwa, akashika mdomo. Alimfahamu marehemu. Alimpita mchungaji wake, akaweka viatu kando ya mlango, na Sista akampisha. Yule mzee alikwenda kukaa na kijana kitandani, wakashikana mikono. Mchungaji alibaki na fimbo yake. Kabla ya kuondoka alimwambia Sista kwamba atajuta, na Sista akasema, "Nimeshajuta mambo mengi, hii iweke kwa foleni."

Mchungaji hakunyamaza. Alipeleka malalamiko, na malalamiko yakaangukia meza ya daktari mkuu wa wodi, kijana aliyetoka Nairobi, msafi, mwenye nia njema kabisa. Alimwita Sista nami nikiwepo kuandika kumbukumbu.

"Sista, hii ni hospitali. Si hekalu."

"Daktari, ukiingia wodini na koti nyeupe, kila mtu anasimama, wanainamisha kichwa. Hiyo ni nini?"

"Ni heshima."

"Kanisani pia wanasema ni heshima."

Daktari alijaribu kutabasamu. Akasema kwa upole kwamba kuanzia siku hiyo hakuna viti vitupu wala mizunguko ya ndoto. Dawa, usafi na chakula vinatosha. Kesho yake ilikuja barua ya onyo. Sista aliisoma akiwa amesimama, akaniambia, "Piga jibu." Nikaingiza karatasi kwenye taipu.

"Nimepokea. Nitaendelea."

Nikangoja. Hakuongeza kitu. Nikamwambia, "Sista, ongeza hata 'kwa heshima'."

"Ongeza."

Barua ikaenda hivyo: Nimepokea kwa heshima. Nitaendelea.

Sasa niseme na upande wake mwingine, maana nimeahidi simwandiki mtakatifu. Alikuwa na hasira ya haraka. Mpira ukitangazwa redioni alitukana refa matusi ambayo hata makuli wa bandarini wangeyaomba yarudiwe. Kutoka kwa mwanawe mmoja waliyekosana, barua zilikuja na zilikaa kwenye droo bila kufunguliwa, yeye aliyewafungulia watu wote vifua vyao. Nilimuuliza mara moja tu. Alinitazama nikajua nisiulize tena.

Na kulikuwa na mgonjwa mmoja ambaye Sista hakumpenda, mwanamke muuza ndizi, mkubwa wa mwili, mwenye kicheko cha kusikika mpaka duka la dawa. Sista alimkaripia kwa kila kitu. Siku moja yule mama alicheka wakati wa kugawa chakula, na Sista akampiga kofi la mkononi mpaka kijiko kikaanguka.

Asubuhi iliyofuata hakuuliza mtu ndoto. Aliwakusanya wote, akasimama mbele ya yule mama.

"Jana nilikupiga. Nimeuliza moyo wangu usiku, huyu mama amekukosea nini? Hakuna. Ni vile nikiwa msichana nilikatazwa kucheka hivyo, na mimi nikakubali. Nikafunga hiyo kicheko huko nyuma. Sasa naisikia kwako, nasikia wivu. Wewe huna makosa. Nisamehe."

Muuza ndizi alimtazama, midomo ikaanza kumcheza, kisha akaangua kile kicheko chake chote. Wagonjwa wakafuata. Sista alisimama katikati yao uso mgumu, akijaribu, na kilichomtoka kilikuwa kama mlango wenye kutu. Nimewaona maaskofu na mashehe wakitubu kwa niaba ya watu. Aliyetubu kwa niaba yake mwenyewe, mbele ya watu wanaoitwa wendawazimu, nimemwona huyo mmoja.

Mimi mwenyewe alinifikia kwa kuchelewa, na nusura nimchukie.

Mwaka wangu wa sita pale, binti yangu wa miaka minne alifariki kwa malaria. Kwetu tunazika upesi. Alikufa asubuhi, alasiri tulishamfukia. Siku ya nne nilikuwa kazini, nimenyoa, shati limepigwa pasi. Watu walinisifu kwa subira yangu. Kaka yangu alinisifu zaidi ya wote. Niliswali kila wakati, bila kukosa, na kila nikiinuka kwenye mkeka nilikuwa kama nilivyoketi. Mke wangu alikaa upande wake wa nyumba, mimi upande wangu. Karibu kila alfajiri niliota ndoto moja. Na Sista, aliyeuliza hata wafagiaji wa barabarani wameota nini, hakuniuliza. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Alinipita na kikombe chake cha chai akasema, "Karani, hii tarehe umekosea."

Siku hiyo nilirusha faili ukutani. "Mbona huniulizi?" nikapiga kelele. "Kila mtu unamuuliza! Mimi siyo mtu?"

Aliweka kikombe chini. "Nilikuwa nangoja hiyo hasira," akasema. "Mtu mwenye subira kama yako hana mahali pa kuingilia. Umeota nini?"

Nikamwambia. Niko nyumbani, nasikia bomba linamwaga maji mahali fulani. Nazunguka vyumba vyote, sioni bomba, na sauti haiishi. Basi.

"Maji inaenda wapi?"

"Sijui."

"Haina shida. Leo ukifika nyumbani, fanya kazi moja ya maji. Moja tu. Usinifanyie mimi, na usifanye ukifikiria ndoto. Fanya tu."

Nilifika nyumbani saa kumi. Nilizunguka, sikuona kazi ya maji, mpaka nikafungua mlango wa chumba cha watoto. Nguo zake zilikuwa kwenye kikapu cha nguo chafu, palepale zilipowekwa kabla hajaugua. Miezi mitano hakuna aliyethubutu kuzigusa. Nikateka maji, nikakaa uani na beseni, mimi mwanamume, majirani wakiniona juu ya ukuta. Niliosha gauni la njano. Lilikuwa na doa la embe kifuani. Nililisugua, na doa lilipoanza kutoka nikaacha kulisugua, nikalishika tu, na ndipo nililia. Mke wangu alitoka jikoni. Alivua bangili zake, akakaa upande wa pili wa beseni, akachukua soksi.

Tulizianika zote kwenye kamba. Zilikuwa kumi na moja. Adhana ya magharibi ikasikika, tukaswali pamoja uani, karibu na nguo zilizokuwa zinadondosha maji. Nimeswali maisha yangu yote, lakini ile ndiyo niliyoiswali. Kaka yangu aliposikia kwamba siri ya nyumba yangu nimeipeleka kwa nesi Mkristo, alisema nimepotea njia. Nilimjibu, na ninamjibu tena hapa ingawa ameshatangulia mbele ya haki, kwamba sijawahi kuwa karibu na njia kuliko jioni ile, na kama kuna anayeona aibu, siyo mimi.

Walimwondoa mwaka wa tisa. Barua ya uhamisho ilisema anahitajika katika zahanati moja ya mbali, kusini mwa ghuba ya ziwa, ukivuka kwa feri ya Luanda Kotieno. Daktari mkuu hakutoka ofisini siku hiyo. Wagonjwa walisimama kwenye madirisha. Sista alibeba sanduku moja, na mimi nikamsindikiza mpaka barabarani, nikitafuta neno la kusema. Aliniambia, "Usinifanyie uso wa matanga, Karani. Sijafa. Wamenihamisha tu." Akapanda lori la serikali, mbele, kando ya dereva, na kabla halijaondoka alikuwa ameshaanza kumuuliza dereva maswali.

Mzunguko wa asubuhi ulikufa baada ya siku kumi. Mafaili yakakonda. Yangu sikuyakondesha, mpaka nilipostaafu niliandika walichosema.

Nilimwona mara moja tena. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati kila Jumamosi barabara zetu zilijaa magari yenye jeneza juu, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja kwa jina. Nilisikia kwamba amestaafu, ana nyumba karibu na soko la Pap Onditi, na kwamba amepata kiharusi. Nikaenda Alhamisi moja, saa nne asubuhi.

Nilikuta wanawake kama ishirini uani, kwenye mikeka, kila mmoja na rundo la osuga, ile mboga chungu, mapajani, wanachambua majani. Wengi walikuwa wajane, na wadogo kuliko unavyotaka mjane awe. Sista alikaa katikati kwenye kiti, mkono wa kushoto umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Mdomo wake ulivuta upande mmoja.

"Karani," akasema. "Umezeeka vibaya. Kaa. Chambua."

Nikapewa fungu. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha buluu alikuwa anazungumza. Alisema ndugu wa mumewe wamekuja kumwambia lazima arithiwe na shemeji kabla ya mavuno, na tangu siku hiyo anaota anatembea njiani bila miguu. Wengine walimsikiliza, mikono inaendelea na majani. Wawili walikuwa wanalia bila kuacha kuchambua.

Ndipo naibu wa chifu akaingia uani na askari mmoja. Siku zile hata watu watano wakikaa pamoja, serikali ilitaka kujua kwa nini. Yule mwanamke akanyamaza.

"Mama," naibu akasema, "hii mkutano iko na kibali?"

Maneno ya Sista yalitoka polepole, moja moja. "Mkutano gani?"

"Hii."

"Hapa tunachambua mboga."

"Wamama ishirini?"

"Mboga ni mingi."

Naibu alitazama mikeka. "Na hawa wanalia nini?"

"Kulia pia inataka kibali? Andika, nitaweka sahihi. Na hii mkono iko bado."

Askari alitazama chini akizuia kucheka. Naibu alipandisha sauti. "Nimeambiwa hapa mnaongea maneno. Mnafundisha wajane kukataa desturi. Mnaongea siasa."

"Tunaongea ndoto," Sista akasema. "Yako ni gani?"

Yule bwana alifungua mdomo, na kwa muda mfupi nilimwona kama mtu yeyote niliyewahi kumwandikia faili. Kisha akajikaza.

"Mimi siotangi."

"Pole," Sista akasema, na hakumaanisha dhihaka. "Basi sogea kidogo. Umetuzibia mwangaza."

Naibu alisogea. Alisogea hatua mbili kabla ya kutambua kwamba ametii, na alipotambua uso ukamjaa damu. Akasema atarudi wiki ijayo na barua ya chifu, na wote watalala ndani. Sista akamwambia aje Alhamisi, maana siku nyingine hatawakuta. Walipotoka, hakuna mwanamke aliyeinuka. Nilikuwa nimewatazama wote, mmoja mmoja, nikingoja nani ataanza kukusanya vitu vyake.

Sista alijaribu kuinua ule mkono uliolala, haukuinuka, akatumia wa pili kusogeza beseni la mboga katikati.

"Haya," akasema. "Nani alikuwa anasema?"

"Ni mimi," akasema yule wa kitambaa cha buluu. Akajifuta mikono kwenye leso, na akaanza tena kutoka mwanzo, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.